Paa la milioni 8, bima inalipa milioni 3.6: nimedhulumiwa?

"Nina nyumba ya vyumba vinne Gungu, hapa Kigoma. Ni ya matofali ya kuchoma na bati, na mbele ina fremu moja ya duka ninayopangisha. Mwaka jana nilichukua mkopo wa shilingi milioni 30 benki, nikaweka hati ya nyumba. Pesa ya bima waliikata palepale, mimi nikapewa karatasi moja tu. Mwezi wa kumi na moja upepo wa mvua za mwanzo uliezua bati za upande mzima, kenchi zikavunjika, dari ikalowa ikaporomoka. Fundi amepiga hesabu ya milioni 8. Bima walituma mtu akapiga picha, na sasa wanasema kuijenga nyumba upya ni milioni 60, kwa hiyo watanilipa milioni 3 na laki 6. Wamenipa na fomu ya kusaini. Nyumba imekatiwa bima ya milioni 30, hasara haifiki hata theluthi yake, inakuwaje wanipe chini ya nusu? Na kama nilikatwa bima, mkopo haukupaswa kusimama kwanza mpaka nyumba ipone? Kaka yangu ana nyumba Kibirizi karibu na ziwa, anasema kama bima zenyewe ndizo hizi, yeye pesa yake ataila tu."

Pole sana dada. Nianze na hiyo fomu maana ndiyo yenye haraka: usiisaini bado. Fomu za namna hiyo kwa kawaida zinasema umepokea kiasi kilichotajwa kuwa malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hutadai tena kwa hasara hiyo. Ukishatia sahihi, hata ikigundulika baadaye kwamba hesabu yao ilikuwa na kasoro, kuirudisha mezani ni kazi kubwa. Soma kwanza, halafu uamue.

Wewe unaona hivi: nimekatiwa bima ya milioni 30, hasara ni milioni 8, na milioni 8 imo ndani ya milioni 30, kwa hiyo nilipwe milioni 8. Karibu kila anayekuja na karatasi za nyumba anaanzia hapo, na kwa akili ya kawaida ni sawa kabisa. Tatizo ni kwamba bima ya nyumba si akiba ya milioni 30 uliyowekewa mahali uchote mpaka iishe. Kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya bima kinafanya kazi mbili. Ya kwanza unaijua: ni kikomo, hutalipwa zaidi ya hapo. Ya pili hakuna aliyekueleza: ndicho kilichotumika kupanga ada yako. Kilichokuumiza ni hiyo ya pili.

Tuchukue kiwango cha mfano tu, shilingi 2 kwa kila shilingi 1,000 ya thamani. Wewe uliyekatiwa milioni 30 utalipa ada ya 60,000 kwa mwaka, bado kodi. Jirani yako mwenye nyumba kama yako, aliyeandikisha thamani yake kamili ya milioni 60, atalipa 120,000. Upepo mmoja unapita usiku, unaezua mapaa yenu yote mawili, kila mmoja anapata hasara ya milioni 8. Mkilipwa sawa, huyo jirani mwakani ataandikisha milioni 60 kwa sababu gani? Nyumba chache sana huteketea zote hadi msingi. Hasara nyingi ni za sehemu: paa, jiko, chumba kimoja, ukuta uliogongwa na gari. Kila mtu angejikatia bima ya robo ya nyumba akidai hasara nzima, na mfuko usingetosha hata kwa msimu mmoja wa mvua.

Kwa hiyo hati nyingi za bima ya majengo zina kipengele cha wastani, wenyewe ofisini wanakiita avareji. Kinasema kama umekata bima pungufu, basi wewe mwenyewe ni mbia katika hasara kwa ile sehemu ambayo hukuilipia. Kwa nyumba yako wameona kuijenga upya ni milioni 60, bima ni milioni 30, yaani nusu. Nusu ya hasara ya milioni 8 ni milioni 4. Hapo wametoa eksesi, ile sehemu ya kila hasara ambayo mwenye mali hubeba mwenyewe. Kwa jinsi hesabu yako ilivyotua, inaelekea ni asilimia 10, ambayo ni laki 4. Inabaki milioni 3 na laki 6. Ndiyo namba uliyopewa.

Kwa hiyo kanuni waliyotumia ni halali, na ukienda kupigana na kanuni yenyewe utapoteza muda. Ila kanuni kuwa halali ni kitu kimoja, na namba zilizowekwa ndani yake ni kitu kingine. Wengi huishia kwenye hasira, hawafiki kwenye namba.

Kabla sijazigusa, tuulize hiyo milioni 30 ilitoka wapi. Wewe hukuichagua, ni kiasi cha mkopo. Afisa mikopo alichukua deni lako akaliandika kuwa ndiyo thamani ya nyumba ya kukatia bima, kwa sababu linalomhusu yeye ni deni. Ni mtindo ulioenea na sioni namna ya kuutetea. Mteja anaondoka akidhani nyumba ina bima, kumbe kilichopimwa ni mkopo. Na hata mkopeshaji mwenyewe hapati ulinzi anaoufikiria, maana avareji haichagui: hasara ikitokea, fidia inakatwa vilevile.

Sasa namba. Milioni 30 imeandikwa, hiyo iache. Ile milioni 60 ndiyo ya kuichimba. Waandikie kampuni ya bima uombe ripoti ya mkadiria hasara, yule aliyekuja kupiga picha, uone alifikaje hapo. Nyumba moja ina thamani zaidi ya moja. Kuna bei ya soko, ambayo ndani yake kuna kiwanja, barabara, maji na mahali ilipo. Kuna bei ya kuuza kwa haraka, ambayo benki huitazama ikifikiria mnada. Na kuna gharama ya kulijenga upya jengo hilohilo likianguka leo. Kwa bima ya jengo kinachotakiwa ni hiyo ya tatu. Kiwanja hakiungui wala hakiezuliwi na upepo, hakina nafasi kwenye hesabu hii. Nimeona makadirio yaliyobeba bei ya soko, mengine yakaingiza uzio na choo cha nje ambavyo havimo kwenye hati, mengine yakatumia bei ya ujenzi ya Dar es Salaam kwa mita ya mraba kana kwamba matofali ya kuchoma ya Kigoma yanauzwa bei ya bloku za Tegeta. Kweli, saruji na bati huku kwetu zinakuja na gharama ya safari ndefu ya reli au lori, hilo linapandisha. Lakini mchanga, mawe na tofali ni vya hapahapa. Ni lazima mtu akae apige hesabu ya nyumba yako, si ya nyumba ya mfano.

Tuseme ikapigwa vizuri, ikaonekana kuijenga upya ni milioni 48. Milioni 30 ukiigawa kwa 48 unapata asilimia 62.5. Ya milioni 8 ni milioni 5, toa eksesi ya asilimia 10, unabaki na milioni 4 na nusu. Umeongeza laki 9 bila kubishana na kanuni yoyote. Bila shaka inaweza kwenda upande wa pili, ikaonekana ni milioni 65. Ndiyo maana uione ripoti yao kwanza kabla hujatoa pesa ya mtu wa kukupigia hesabu yako.

Mahali pa kuanzia huenda unapo tayari. Ulipoweka hati ya nyumba, mthamini aliifanyia benki tathmini ya nyumba hiyo, na wewe ndiye uliyekatwa gharama yake. Omba nakala. Ripoti hizo mara nyingi, mbali na bei ya soko na ya kuuza kwa haraka, huwa na mstari wa thamani kwa ajili ya bima. Kama upo, una karatasi ya mtaalamu aliyesajiliwa, ya kabla ya hasara, ambayo hakuna atakayesema uliitengeneza kwa ajili ya madai.

Halafu milioni 8 ya fundi. Kama ni namba moja kwenye ukurasa wa daftari, mrudishie. Aandike bati ngapi na za geji gani, kofia, kenchi, papi, misumari, dari, rangi, ufundi, na kuondoa vifusi. Ulinunua turubai kufunika chumba mvua isiendelee kuharibu? Weka na risiti yake, kwa sababu mwenye bima anatakiwa azuie hasara isikue, na gharama hiyo ina haki ya kuzungumzwa. Usichanganye ukarabati na uboreshaji: kama paa lilikuwa na geji 30 na wewe sasa unataka geji 28, iliyo nene zaidi, tofauti hiyo ni yako.

Angalia pia suala la uchakavu, maana hapa makosa hujificha. Hati nyingine hulipa kwa thamani ya kitu kilivyokuwa siku ile, kwa hiyo bati la miaka kumi hukatwa umri wake. Nyingine hulipa gharama ya kipya. Zote ni halali, ila ni lazima kipimo kiwe kimoja juu na chini. Kama hasara yako wameikata uchakavu, basi na ile thamani ya nyumba nzima waikate uchakavu kabla ya kupiga avareji. Ukikuta hasara imepimwa kwa bei ya bati kuukuu na nyumba imepimwa kwa bei ya jengo jipya, umeonewa, na hilo litaje kwa maandishi waziwazi.

Ile karatasi moja uliyopewa ni cheti tu. Hati kamili ina jedwali lenye jina lako, anwani ya nyumba, kiasi na eksesi, ina masharti ya jumla, na ina viambatisho. Ni haki yako kupata nakala, hata kama bima ilipitia benki. Ukiipata, hakikisha kipengele cha avareji kimo kweli na eksesi ni ile waliyokukata. Thibitisha pia kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwamba bima yako imesajiliwa.

Omba na nakala ya fomu ya maombi, uone nani aliijaza na aliandika nini kuhusu fremu. Bima inasimama juu ya nia njema kamili: mwombaji anatakiwa aseme kila jambo zito kuhusu mali yake, hata lile asiloulizwa kwa jina. Nyumba ya kuishi tu na nyumba yenye duka mbele si hatari moja. Mpangaji wako akiuza sukari na sabuni ni jambo moja. Akiuza petroli kwenye chupa za maji au kujaza mitungi ya gesi ndani, ni jambo jingine kabisa. Kama fremu haikutajwa, itaje sasa kwa maandishi. Unaweza kuogopa kwamba unaamsha waliolala, na siwezi kukuahidi kwamba hawatauliza maswali. Lakini hasara yako ni ya upepo, duka halikuhusika na kuezuliwa kwa paa. Siku moto utakapoanzia kwenye hiyo fremu, ukimya huo unaweza kukunyima fidia yote. Na jua kwamba bidhaa za mpangaji hazimo kwenye bima yako. Ajikatie yake.

Kuhusu mkopo kusimama, hapo umechanganya bima mbili, na si kosa lako kwa sababu zilikatwa siku moja. Kuna bima ya mkopo, ambayo kwa kawaida hulipa deni lililobaki mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Na kuna bima ya jengo. Kuezuliwa paa hakugusi ile ya kwanza, kwa hiyo marejesho yanaendelea. Unachoweza kufanya ni kwenda tawini kabla hujachelewesha rejesho, uombe kupangiwa upya kwa sababu ya janga, ukiwa na barua ya mtendaji na picha. Na usishangae ukiambiwa fidia itapitia kwao: mkopeshaji huandikwa kwenye hati kama mlipwaji wa kwanza. Waombe waiachie kwa ajili ya ukarabati. Wengi hukubali, maana nyumba isiyo na paa si dhamana ya maana kwao pia.

Kaka yako sasa. Ana hoja nusu. Bima ya kawaida ya moto inakinga moto, radi na aina fulani ya mlipuko, basi. Upepo, mafuriko, tetemeko, fujo, gari kugonga ukuta, hivyo ni viambatisho vinavyoongezwa, na kila kimoja ama kimeandikwa ama hakimo. Wewe ulikuwa na bahati kwamba upepo umeandikwa. Kwa yeye wa Kibirizi, nitasema wazi kwamba bima ya maji ya ziwa itakuwa ngumu kuipata. Bima inakinga jambo la ghafla lisilojulikana kama litatokea. Ziwa Tanganyika lilipanda sana baada ya zile mvua kubwa za 2019 na 2020, kila mtu Ujiji na Kibirizi ameona nyumba zilizoingiwa na maji, na hakuna kampuni itakayoandika mafuriko kwenye nyumba ambayo maji yameshafika uani. Unyevu unaopanda ukutani taratibu haulipwi hata penye kiambatisho cha mafuriko, sawasawa na mchwa, kutu na ujenzi mbovu. Kuna na sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kama nyumba yake imo humo, bima itakuwa tatizo la pili.

Lakini moto, radi na upepo anaweza kukinga, na vyombo vya ndani pia kwa sehemu yake, maana bima ya jengo haimlipii mtu friji wala makochi. Akiwa huko aulizie tetemeko. Tupo kwenye Bonde la Ufa, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga palepale chini ya ziwa. Watu wanalisahau hilo kwa sababu mvua zinakuja kila mwaka na tetemeko haliji.

Ukifika wakati wa kuhuisha bima, usikubali tena namba ya mkopo. Toa gharama ya kujenga upya, iongezee kidogo kwa ajili ya bei za vifaa zinazopanda katikati ya mwaka, na ulipe tofauti ya ada hata kama benki itasema si lazima. Kwa mfano wetu wa mwanzo tofauti hiyo ni 60,000 na kodi yake. Wewe umepoteza milioni 3 na laki 6 kwa kutoilipa, maana kwa bima kamili ungepata milioni 7 na laki 2 baada ya eksesi, na hakuna aliyekuuliza kama ungependa kuilipa.

Yapo mambo ambayo sitayamaliza kwa maandishi. Kama kuna ufa mpya kwenye kuta, au mkanda wa juu umesogea pale kenchi zilipong'oka, usirudishe bati kabla mhandisi hajapanda kuangalia. Ulizia idara ya ujenzi ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Kenchi zilizovunjika na bati zilizokunjika usiziuze chuma chakavu mpaka madai yaishe, ni ushahidi. Kama ripoti ya mkadiria hasara ina namba zisizoeleweka, mtafute mthamini aliyesajiliwa au mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa gharama za ujenzi, lakini muulize kwanza bei yake, maana kumlipa laki 7 ili uokoe laki 9 si biashara nzuri. Dalali wa bima mwenye leseni anaweza kukusomea hati. Wakili mwache kwanza.

Kampuni ikikataa kurekebisha, au ikikaa kimya, upo mlango wa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya wateja kama wewe, na TIRA wana ofisi za kanda zinazoweza kukuelekeza namna ya kupeleka lalamiko. Watakachokuuliza kwanza ni kama ulilalamika kwa kampuni kwa maandishi. Kwa hiyo wiki hii andika barua moja: sema huikatai fidia, bali unaomba ripoti ya mkadiria hasara, hati kamili na mchanganuo wa ile milioni 60 kabla ya kusaini chochote. Kama hali ni mbaya na unahitaji pesa ya bati sasa hivi, omba humohumo walipe kiasi wasichokibishia kama malipo ya awali, kwa karatasi isiyo na neno "mwisho". Nakala moja ipeleke benki. Nyingine baki nayo, yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe.